Dylan Thomas: Mgeni Aliyevisikiliza Vijiji vya Pwani ya Wales

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hufasiriwa kwa kuzingatia vyakula vinavyoandaliwa mgeni anapobisha hodi, ambavyo mwenyeji naye huvifaidi. Wapo hata hivyo wageni ambao tija yao haikuwa ya chungu wala ya sinia, bali ya maneno. Mmoja wao ni Dylan Thomas, mshairi wa Wales aliyezaliwa mwaka wa 1914 na kufariki mwaka wa 1953 akiwa na umri wa miaka 39. Thomas alikuwa mtoto wa mjini. Hata hivyo, makazi mawili madogo ya pwani, yaani kijiji cha wavuvi cha New Quay na kimji cha Laugharne, ndiyo yaliyompa kazi iliyomfikisha katika masikio ya walimwengu. Kazi hiyo ni tamthilia ya redio iitwayo Under Milk Wood.

Maisha ya mshairi huyu yana jambo la kumfikirisha kila anayejishughulisha na lugha. Wazazi wake wote wawili walikuwa wazawa wa Kiwelisi, lakini yeye hakurithishwa lugha hiyo. Alipofika katika vijiji vya pwani, kwa hivyo, alikuwa mwenyeji kwa damu na mgeni kwa ulimi. Ugeni huo ulimfunza kusikiliza kwa makini kuliko wengi waliozaliwa huko. Pia ulimfungia mlango ambao hakuwahi kuufungua. Hayo mawili hayana budi kutazamwa pamoja, kwani ndiyo yaliyoifanya kazi yake iwe kama ilivyo.

Malezi katika Nyumba ya Lugha Mbili

Dylan Marlais Thomas alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1914 katika nyumba nambari 5 ya barabara ya Cwmdonkin Drive, mjini Swansea, kusini mwa Wales. Baba yake, David John Thomas, alikuwa mwana wa mfanyakazi wa reli. Alisoma katika chuo kikuu cha Aberystwyth, akahitimu kwa daraja la kwanza katika Kiingereza, kisha akawa mwalimu wa somo hilo katika shule ya upili ya wavulana mjini Swansea. Mama yake, Florence, alitoka katika ukoo wenye jamaa wengi wakulima katika jimbo la Carmarthenshire. Nancy, dada yake, alimtangulia kwa miaka minane.

Majina mawili ya mtoto huyu yalichotwa kutoka kisima cha Kiwelisi. Dylan ni jina la mhusika wa bahari katika masimulizi ya kale yajulikanayo kama Mabinogion. Marlais nalo lilichukuliwa kutoka jina la kishairi la ami wa baba yake, mhubiri na mtunzi aliyeandika kwa Kiwelisi katika karne ya 19. Ajabu ni kwamba jina lilitolewa, lugha ikazuiwa. Wazazi walizungumza Kiwelisi baina yao na jamaa zao, lakini watoto walisemeshwa Kiingereza na kupelekwa kwenye mafunzo ya matamshi ili lafudhi yao isiwe na chembe ya kijiji. Hata jina lenyewe la Dylan lilitamkwa kwa njia ya Kiingereza, na mwenyewe alipokuwa mtu mzima aliipendelea njia hiyo.

Uamuzi huo haukuzuka hewani. Mwaka wa 1847 ripoti rasmi ya serikali kuhusu elimu nchini Wales ilikuwa imekidunisha Kiwelisi na kukihusisha na ujinga na upotovu wa maadili. Katika baadhi ya shule za karne hiyo, mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu kuhusu kibao hicho, kwa kuwa adhabu ya namna hiyo ilitumiwa pia katika shule za hapa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka wa 1986. Takwimu za sensa zinaonyesha matokeo yake. Mwaka wa 1891 Wawelisi waliokizungumza Kiwelisi walikuwa takriban asilimia 54. Kufikia mwaka wa 1911 walikuwa wameshuka hadi kiasi cha asilimia 43, na mwaka wa 1951 walikuwa chini ya asilimia 30. Mwalimu Thomas, kama wazazi wengi wa tabaka lake, aliamini kuwa Kiingereza ndicho ngazi ya kumpandisha mwanawe. Hakuwa adui wa lugha yake. Alikuwa mzazi mwenye hofu.

Hata hivyo, baba huyohuyo alimpa mwanawe urithi mwingine. Alimsomea Shakespeare kwa sauti kabla mtoto hajajua kusoma. Dylan alizipenda sauti za maneno kabla ya kuzijua maana zake, na mapenzi hayo hayakumtoka. Wakati wa likizo alipelekwa kwa shangazi yake katika shamba la Fernhill, Carmarthenshire, ambako Kiwelisi kilitawala jikoni, zizini na kanisani. Huko alisikia mahadhi ya lugha asiyoweza kuijibu. Mahadhi hayo yalikuja kuibuka miaka mingi baadaye katika shairi lake la Fern Hill, alilolikamilisha mwaka wa 1945.

Mshairi Kijana

Shuleni Thomas hakufua dafu katika masomo mengine, lakini katika Kiingereza alitia fora na akawa mhariri wa jarida la shule. Aliacha masomo mwaka wa 1931 akiwa na miaka 16, akaajiriwa kuwa mwanahabari wa gazeti la Swansea, kazi aliyoifanya kwa muda wa miezi kama 18. Kati ya mwaka wa 1930 na 1934 alijaza madaftari kadhaa kwa mashairi. Sehemu kubwa ya mashairi yaliyompa sifa ilichimbuliwa kutoka madaftari hayo. Diwani yake ya kwanza, 18 Poems, ilichapishwa Desemba 1934, akiwa amefikisha umri wa miaka 20 tu. Ya pili, Twenty-five Poems, ilifuata mwaka wa 1936.

Mwaka wa 1934 alihamia London. Huko alipata wachapishaji, marafiki na baa. Mwaka wa 1936 alikutana na Caitlin Macnamara, mchezaji dansi mwenye asili ya Kiayalandi, na wakafunga ndoa tarehe 11 Julai 1937 huko Penzance, Cornwall. Ndoa yao ilikuwa ya mapenzi makali na magomvi makali, na umaskini uliwaandama tangu mwanzo. Walijaliwa watoto watatu: Llewelyn aliyezaliwa mwaka wa 1939, Aeronwy mwaka wa 1943, na Colm mwaka wa 1949. Hapa mtindo wa Mwalimu Thomas ulijirudia. Aeronwy alipewa jina kutokana na mto Aeron wa magharibi mwa Wales, na Colm akaongezewa jina la Garan, neno la Kiwelisi lenye maana ya korongo. Lugha ya nyumbani, hata hivyo, ilikuwa Kiingereza. Kizazi cha pili kilipokea majina bila ya lugha.

Mashairi ya Thomas yanastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa arudhi. Watu wengi waliomwona akiyumba barabarani walidhani kuwa anaandika kwa jazba na ulevi. Ukweli ni kinyume. Alikuwa fundi aliyehesabu mizani ya kila mshororo na kuandika upya beti zake mara nyingi mno. Shairi alilolitunga kuwa utangulizi wa diwani yake ya mwaka wa 1952 lina mishororo 102, na vina vyake vimepangwa kwa namna ya pekee: mshororo wa kwanza unapatana kwa kina na wa mwisho, wa pili unapatana na wa 101, hivyo hivyo hadi mishororo ya katikati inapokutana. Wahakiki kadhaa wameulinganisha ufundi huu wa sauti na kanuni kali za ushairi wa Kiwelisi, ambamo konsonanti na vina vya ndani hupangwa kwa utaratibu maalumu. Thomas hakukijua Kiwelisi kwa kiwango cha kutunga kwacho. Inaelekea kuwa masikio yaliokota kile ambacho ulimi ulinyimwa.

New Quay: Kijiji Kilicholala

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka, Thomas hakuchukuliwa jeshini kwa sababu za afya. Alipata riziki kwa kuandika miswada ya filamu za hali halisi jijini London. Februari 1941 ndege za Ujerumani ziliushambulia mji wa Swansea kwa usiku tatu mfululizo na kuyateketeza maduka na mitaa ya utoto wake. London nako mabomu hayakukoma. Septemba 1944 aliichukua familia yake na kuipeleka New Quay, kwenye Ghuba ya Cardigan.

New Quay, au Ceinewydd kwa Kiwelisi, imejengwa juu ya mteremko mkali. Nyumba zake zimepangwa safu juu ya safu hadi kwenye gati lililojengwa miaka ya 1830. Katika karne ya 19 kijiji kilisifika kwa uvuvi wa samaki aina ya heringi na kwa uundaji wa merikebu za matanga. Vijana wake walisafiri hadi bahari za mbali na wengi wakawa manahodha. Meli za mvuke na reli zilipoiua biashara hiyo, walibaki wavuvi wachache, maduka madogo, kanisa, baa, na manahodha wastaafu walioketi wakiitazama bahari iliyokuwa imewalea. Lugha ya kijiji ilikuwa Kiwelisi.

Thomas alipanga nyumba ndogo ya mbao na asbesto iliyosimama juu ya genge la bahari nje kidogo ya kijiji. Iliitwa Majoda, jina lililoungwa kwa silabi za majina ya watoto wa mwenye nyumba. Nyumba hiyo ilikuwa baridi na yenye nafasi haba, lakini hapo aliandika kwa kasi ambayo hakuwa ameipata kwa miaka kadhaa. Mashairi kadhaa ya diwani ya Deaths and Entrances, iliyotoka mwaka wa 1946, yalitungwa au kukamilishwa katika kipindi hicho. Nyakati za jioni aliteremka hadi baa ya Black Lion, akaketi na kusikiliza masimulizi ya wenyeji.

Matunda ya usikilizaji huo yalionekana katika insha fupi ya redio iitwayo Quite Early One Morning. Ndani yake msimulizi anatembea asubuhi ya kipupwe katika kijiji cha bahari ambacho bado kimelala. Anapita chini ya madirisha na kuwaza ndoto za waliomo: nahodha mstaafu, mhubiri, wanawake wenye nyumba zao. Hagongi mlango wa mtu, na hajulikani na yeyote. Insha hiyo ilitangazwa na BBC Agosti 1945, na mbegu ya Under Milk Wood imo ndani yake kikamilifu. Mkao wa msimulizi ni mkao wa Thomas mwenyewe katika Wales. Yuko karibu kiasi cha kusikia pumzi za waliolala, lakini yuko nje ya ukuta.

Amani ya New Quay haikudumu. Machi 1945 ugomvi ulizuka kati yake na afisa mmoja wa jeshi aliyekuwa amerejea kutoka vitani. Usiku huo afisa huyo aliimiminia Majoda risasi, watoto wakiwa ndani. Hakuna aliyejeruhiwa, na Juni mwaka huo mahakama ilimwachilia mshtakiwa. Mwezi wa Julai familia ilihama. Thomas alikuwa amekaa New Quay kwa miezi kama kumi tu, lakini aliondoka na kijiji kizima kichwani.

Laugharne: Kibanda Juu ya Maji

Laugharne alikuwa ameifahamu tangu mwaka wa 1934, alipofika na rafiki yake mwandishi Glyn Jones wakivushwa kwa mashua. Kati ya mwaka wa 1938 na 1940 aliishi huko na Caitlin katika nyumba za kupanga. Kimji hiki kiko kwenye mlango wa mto Taf, chini ya magofu ya ngome ya kale. Maji yanapokupwa, huacha mchanga na matope mapana, na wakazi walizoea kwenda huko kuokota kombe wa kuuza. Laugharne ina historia ya pekee kwa kuwa tangu enzi za Wanormani imekuwa kisiwa cha Kiingereza katika eneo la Kiwelisi. Si ajabu kwamba Thomas alijisikia yuko kwao hapo kuliko penginepo. Angeweza kuusikia umbea wote bila ya mkalimani.

Desemba 1939 alishiriki katika mchezo mfupi ulioigizwa na wenyeji. Baada yake alimdokezea jirani yake, mwandishi Richard Hughes, kwamba Laugharne ilihitaji mchezo wake yenyewe, ambamo wakazi wangejiigiza wao wenyewe. Wazo hilo lilimkaa moyoni kwa miaka kumi na minne.

Mwaka wa 1949 mfadhili mmoja alimnunulia nyumba iitwayo Boat House, iliyoegemea genge juu ya maji. Njiani kuelekea nyumba hiyo kulikuwa na kibanda cha mbao kilichokuwa gereji. Thomas alikifanya chumba cha kuandikia, chenye dirisha linaloutazama mto, ndege na kilima cha ng'ambo. Wazazi wake wazee walihamia Laugharne mwaka huohuo, katika nyumba iliyokabiliana na hoteli ya Brown's. Siku zake zilikuwa na utaratibu. Asubuhi alimtembelea baba yake na kujaza pamoja naye fumbo la maneno la gazetini, akapita Brown's kusikiliza habari za mji, kisha alasiri akajifungia kibandani hadi jioni. Waliopita karibu walimsikia akizisoma sentensi zake kwa sauti, tena na tena, akizipima kama mvuvi anavyoupima mshipi.

Baba yake alikuwa akidhoofika na macho yakimpotea. Mwaka wa 1951 Thomas alimtungia shairi la mishororo 19 lenye vina viwili tu na mishororo miwili inayorudiwa mithili ya kibwagizo, akimsihi asikubali kifo kwa unyenyekevu. Ni shairi lake linalojulikana zaidi, nalo hakumwonyesha aliyetungiwa. Mwalimu Thomas alifariki Desemba 1952. Mtu aliyemnyima mwanawe lugha moja na kumpa nyingine aliagwa kwa ile aliyompa. Wakati huohuo madeni ya kodi, ada za shule na duka yalimlemea mshairi. Diwani yake ya Collected Poems ilipotoka Novemba 1952 ilipokewa kwa shangwe, lakini sifa hazikulipa madeni yote.

Under Milk Wood: Siku Moja ya Kijiji

Tamthilia hii inahusu kijiji cha kubuni cha bahari kiitwacho Llareggub. Jina hilo linafanana na la Kiwelisi, lakini likisomwa kinyumenyume hugeuka kuwa maneno ya Kiingereza yasiyo ya adabu, yenye maana ya utupu mtupu. Huo ni utani wa Thomas, na wapo Wawelisi walioukasirikia. Ndani ya saa 24 za siku moja ya majira ya kuchipua, msikilizaji anapitishwa katika ndoto, kazi, magomvi na mapenzi ya wahusika zaidi ya 60. Yupo Captain Cat, nahodha kipofu anayewatambua majirani kwa mshindo wa nyayo zao na anayezungumza usingizini na mabaharia waliozama. Yupo tarishi anayezifungua barua za watu na kuwasimulia yaliyomo kabla hawajazisoma. Yumo mume mpole anayepanga kumtilia mkewe sumu lakini asiyethubutu. Yumo pia mhubiri anayekisifu kijiji kwa mashairi asubuhi na jioni.

Kwanza Thomas alikusudia hadithi iwe na kesi. Kijiji kingeshtakiwa kuwa kimepatwa na wazimu na kingetakiwa kutengwa na ulimwengu, na wakazi, baada ya kusikia sifa za mji wenye akili timamu, wangechagua kutengwa. Muundo huo aliuacha. Alichobakiza ni siku yenyewe na sauti zake. Hakuna shujaa, hakuna kilele cha mgogoro, hakuna adhabu. Uamuzi huo uliiokoa kazi. Maovu na aibu za wanakijiji zinasikika zote, ila msimulizi hamhukumu mtu, naye msikilizaji anajikuta akiwapenda.

Chaguo la redio nalo lilikuwa na sababu. Kufikia miaka hiyo Thomas alikuwa ameshiriki katika vipindi vingi vya BBC, akijua kwamba redio haina macho. Nahodha kipofu ni msikilizaji wa redio aliyetiwa ndani ya mchezo. Kama yeye, msikilizaji hana budi kukijenga kijiji kwa sauti pekee: kengele, mawimbi, viatu, uvumi. Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi, kazi hii ni mfano wa jinsi chombo cha kisasa kilivyoweza kurejesha hadhi ya masimulizi ya kusikilizwa.

Wenyeji wa New Quay na wa Laugharne wamebishana kwa miongo mingi kuhusu kijiji kipi ndicho Llareggub. Mteremko, manahodha na mpango wa nyumba vinaelekeza New Quay. Maji ya mlango wa mto na tabia za baadhi ya wahusika vinaelekeza Laugharne. Ubishi huo wenyewe ni ushahidi kwamba wenyeji walijitambua katika maneno ya mgeni. Upo pia uhakiki mkali zaidi. Baadhi ya wasomi wa Kiwelisi walimshutumu Thomas kwa kuwafanya wananchi wake vikaragosi vya kuwachekesha Waingereza. Shutuma hiyo haiwezi kupuuzwa. Vijiji kama New Quay viliota, kuomba na kutukana kwa Kiwelisi, ilhali Llareggub huota kwa Kiingereza. Thomas aliandika alichoweza kukisikia, na nusu ya mazungumzo ilimpita.

Safari za Marekani na Kifo

Mwaka wa 1950 Thomas alialikwa Marekani kusoma mashairi katika vyuo vikuu. Alirejea huko mwaka wa 1952, na mara mbili mwaka wa 1953. Sauti yake nzito, iliyosafishwa na mafunzo ya matamshi ya utotoni, iliwavutia wasikilizaji kumbini. Februari 1952 alirekodiwa santuri mjini New York na kampuni changa ya Caedmon, na rekodi hiyo huhesabiwa miongoni mwa misingi ya biashara ya vitabu vya kusikilizwa. Lakini kila safari ilimrudisha nyumbani akiwa mgonjwa zaidi, na fedha aliyoipata ilitumika kabla haijafika Laugharne.

Tarehe 3 Mei 1953 aliusoma mswada wa Under Milk Wood peke yake katika Chuo Kikuu cha Harvard. Tarehe 14 Mei mchezo ulionyeshwa New York kwa waigizaji, yeye akiwa msimulizi, na maneno ya mwisho yaliandikwa dakika chache kabla ya kuanza. Oktoba mwaka huo aliupoteza mswada wa asili jijini London. Kwa bahati, mtayarishaji wa BBC, Douglas Cleverdon, alikuwa ametoa nakala, na alimpelekea kabla hajapanda ndege. Thomas alimwambia kwamba akiupata mswada wenyewe na auchukue. Cleverdon aliupata katika baa moja ya mtaa wa Soho.

Mjini New York hali yake ilizorota haraka. Kisa cha kwamba aliuawa na glasi 18 za wiski alizojigamba kuzinywa kimeenea kuliko ukweli. Alikuwa mlevi, hilo halina shaka. Hata hivyo, alikuwa pia na homa ya mapafu, na daktari alimdunga mofini, dawa inayopunguza nguvu ya kupumua. Alipoteza fahamu, akapelekwa hospitalini alfajiri ya tarehe 5 Novemba, na kufariki tarehe 9 Novemba 1953. Mwili ulirudishwa Laugharne ukazikwa katika ua wa kanisa la Mtakatifu Martin, chini ya msalaba mweupe wa mbao. Caitlin, aliyefariki mwaka wa 1994, alizikwa naye.

Under Milk Wood ilitangazwa na BBC tarehe 25 Januari 1954, mwigizaji Richard Burton akiwa msimulizi, na mwaka huohuo ikashinda tuzo ya Prix Italia. Mtunzi wake hakuisikia ikirushwa hewani.

Hitimisho

Maisha ya Dylan Thomas hayampi mwanafunzi wa lugha somo jepesi. Si kweli kwamba aliyenyimwa lugha ya wazazi hawezi kuunda fasihi bora. Thomas aliiunda, tena kwa ustadi wa hali ya juu. Si kweli pia kwamba hakupoteza kitu. Alivipenda vijiji vya pwani kwa dhati, akavisikiliza usiku na mchana, na akavipa umaarufu ambao heringi na merikebu hazikuvipa. Lakini mwenyeji alipona kwa lugha ya kuazima.

Historia imejitahidi kulisawazisha hilo. Katika miaka ya 1960 mshairi T. James Jones aliitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiwelisi kwa jina la Dan y Wenallt. Nahodha kipofu, tarishi na mhubiri wakapata kusema kwa lugha ambayo manahodha wa New Quay walikuwa wameisema siku zote. Kiwelisi chenyewe kilipiganiwa. Kilipata idhaa yake ya taifa ya redio mwaka wa 1977, stesheni ya televisheni mwaka wa 1982, na hadhi ya lugha rasmi nchini Wales kwa sheria ya mwaka wa 2011. Hata hivyo sensa ya mwaka wa 2021 ilionyesha kuwa waliokizungumza walikuwa asilimia 17.8 tu. Inachukua miongo mingi, sheria nyingi na walimu wengi kurejesha kile ambacho mzazi mmoja mwenye nia njema anaweza kukiacha mlangoni kwa siku moja, kwa kuamua tu lugha atakayomsemesha mtoto wake mchanga.